Jinsi ya Kufungua Bastola Kuukuu na Kubaki na Heshima

Sasa unayo: Browning ya muundo wa 1910, fupi, nyeusi, imetoka kiwanda cha Herstal, Ubelgiji. Kibali unacho. Kilichopungua ni ujuzi tu, na hilo lisikunyime usingizi. Hapa Kagera, kuanzia Kashozi hadi Kamachumu, hakuna anayetegemea kumsikia mwenye bastola akisema hajui kuifungua. Wewe umeshaitwa nshomile, msomi mwenye maringo, kwa mambo madogo kuliko haya. Nifuate taratibu, na hadi jioni kijiji kizima kitakujua kwa ufundi.

1. Anza na karatasi

Kibanja hurithiwa, bastola haifuati mkondo huo. Chini ya sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, kibali ni cha mwenyewe. Baba akifariki, mtoto anaomba chake upya, akianzia serikali ya kijiji. Kama umeshapita njia hiyo, hongera. Weka kibali mezani mahali ambapo mgeni atakisoma bila kuambiwa. Katika shughuli yote ya leo, hicho ndicho kitu pekee utakachokielewa mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo kitumie vizuri.

2. Chagua watazamaji

Shemeji aliyekuja likizo kutoka Dar es Salaam anafaa sana. Mwalimu wa fizikia hafai. Askari mstaafu wa vita vya Kagera usimwalike kabisa: hatasema neno, atakuangalia vidole tu, nawe utaanza kutokwa jasho. Watoto wapeleke kwa jirani. Lubisi, pombe yetu ya ndizi, iwepo, ila ni ya wageni. Wewe utakunywa kazi ikiisha.

3. Hatua moja isiyoghushiwa

Hapa nisikilize vizuri, maana kwingine kote nitakuruhusu kudanganya. Kabla mgeni hajafika, ukiwa peke yako, elekeza mtutu mahali pasipo na mtu. Usiguse kifyatulio. Chomoa magazini. Sasa vuta nyuma slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza, uchungulie chemba. Kisha ingiza kidole cha mwisho uhakikishe kwa kugusa. Rudia mara ya pili. Risasi zihamishie chumba kingine.

Kuchomoa magazini peke yake hakutoshi, kwa sababu risasi moja hubaki chemba kimyakimya. Na bastola hii haina nyundo ya nje, hivyo huwezi kujua kwa kuitazama kama imekokiwa. Wageni wakifika, rudia yote mbele yao kwa mbwembwe. Watadhani unajionyesha, na hawatakuwa wamekosea. Safari hii maringo yako yana faida.

4. Itungie historia

Bastola isiyo na hadithi ni chuma tu. Unazo hadithi mbili za kuchagua. Ya kwanza ni ya Mjerumani: tarehe 22 na 23 Juni 1915, Waingereza walivuka ziwa kutoka Kisumu wakaiteka Bukoba iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani, wakavunja ngome na mnara wa simu ya upepo. Ya pili ni ya askari wa Idi Amin wa Uganda, mwaka 1978, daraja la Kyaka lilipolipuliwa. Shika moja. Ukizichanganya, bastola yako itakuwa imepigana upande wa Mjerumani chini ya Amin.

Jihadhari na ubavu wa slaidi, ulioandikwa Kifaransa. Wilaya ya Muleba ina seminari ya Rubya, na huwezi kujua nani kati ya wageni amewahi kukaa na mapadri. Akisoma neno Belgique kwa sauti, usibabaike. Waambie kwamba Gavrilo Princip alimuua mwanamfalme wa Austria kule Sarajevo, Juni 1914, kwa bastola ya muundo huuhuu. Hilo ni kweli tupu, na vita vilivyofuata ndivyo vilivyofika Bukoba mwaka mmoja baadaye. Ukweli mmoja uliowekwa mahali pake hubeba uongo mwingi.

5. Fungua kizibo cha mbele

Mdomoni mwa mtutu pana kizibo cha duara. Kibonyeze ndani, kizungushe, kisha kiachie polepole. Nyuma yake kuna springi iliyouzunguka mtutu, nayo imebanwa kwa nguvu. Fundi wa kweli huizuia kwa kidole gumba, uso wake ukiwa pembeni. Wewe utaiachia, nayo itaruka juu ya meza, ipite baraza, itue katikati ya migomba.

Usikimbie. Endelea kuzungumza, huku ukisogea bila haraka kuelekea ilikoangukia. Ukionekana umeinama kwenye majani makavu na mwezi ni Novemba, sema unaokota senene. Hakuna Mhaya atakayekuuliza zaidi, isipokuwa atakayeuliza umepata wangapi.

6. Toa vilivyobaki

Vuta slaidi nyuma uifunge kwa kufuli ya usalama, uzungushe mtutu hadi uachie meno yake, kisha legeza kufuli uiteremshe slaidi kwa mbele. Hapa pini ya kufyatulia na springi yake ndogo huweza kudondoka. Ndiyo maana ulitandika kitambaa cheupe. Hukutandika? Basi sema ulitaka kuonyesha jinsi sakafu yako ilivyo safi.

Piga picha kila hatua kwa simu. Ukiulizwa, unaweka kumbukumbu za ukoo. Usiku utaziangalia picha hizo kuanzia ya mwisho kurudi ya kwanza, na hapo ndipo utakapojifunza kuirudisha.

7. Safisha panapoonekana, kisha pasipoonekana

Bukoba hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na upepo wa ziwa haukauki. Kutu haiheshimu kibali. Mvivu hung'arisha nje, akaacha ndani ya mtutu panaliwa. Pitisha brashi ndani, ikianzia nyuma kwenda mbele, kisha kitambaa cha pamba hadi kitoke cheupe. Maliza kwa mafuta mepesi, tone moja moja. Ukiimwagia mafuta, itakusanya vumbi lote la barabara ya Muleba. Mswaki mkuukuu unatosha kwenye pembe. Uwe mkuukuu wako. Wa mkeo utakuletea kesi nyingine.

8. Rudisha, ukiweza

Ukimaliza kuifunga na kipande kimoja kimebaki mezani, usikifiche mfukoni. Shemeji amekwisha kukiona. Kitazame kwa huzuni, useme: "Huyu amechoka, tunambadilisha." Funga vyote kwenye kitambaa na utangaze kwamba kazi itaendelea kwa mtaalamu. Kisha mpelekee kweli fundi wa silaha mwenye leseni, au uulize polisi yuko wapi. Fundi baiskeli wa sokoni muache na baiskeli zake. Na usiijaribu kwa kufyatua ili kuona kama imerudi sawa. Bastola iliyokosewa kufungwa haimwogopi mwenyewe.

9. Kama huna kibali

Ukiikuta Browning kama hii kwenye sanduku la marehemu, bila karatasi yoyote, sahau yote niliyokuambia. Usiifungue, usiionyeshe, usiihadithie. Toa taarifa kituo cha polisi au ofisi ya serikali ya kijiji, ueleze ulivyoikuta. Serikali imewahi kutangaza msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, lakini usikae ukiusubiri.

Mengine yote jisifie upendavyo. Ila chemba ichungulie mara mbili.