Mayai 264

Stima ilikatika magharibi, siku ya 18 tangu tuyaingize mayai mashineni. Kusi la Julai lilikuwa likivuma tangu asubuhi, na kuti bichi likadondoka juu ya nyaya upande wa barabara ya pwani. Tuliona cheche, kisha upande wetu wote wa Tiwi ukaingia giza. Mama alikuwa akitia udhu. Wifi yangu aliyekuwa akikuna nazi aliinuka kwenye mbuzi, mikono imejaa nazi, akasema neno moja tu: "Vifaranga!"

Mashine ilikaa sebuleni, mahali palipokuwa na kabati la vyombo la Mama. Kaka aliichagua kwenye simu akiwa Doha, akailipia, nasi tukaifuata Mombasa na kuvuka nayo feri ya Likoni juu ya mkokoteni, wifi ameikumbatia kama mgonjwa. Ilikuwa na trei tatu, kila trei mayai 88. Nia ya kaka ilikuwa njema na hesabu yake ilikuwa na akili. Diani ipo hapo ng'ambo ya Mto Mwachema, mahoteli yanataka kuku mwaka mzima, na mara ngapi nimeona kreti za kuku wa bara zikishushwa Ukunda wakati sisi tuna uwanja, tuna kivuli cha mikorosho na tuna mikono.

Yai la kuku hutaka siku 21. Siku 18 za mwanzo hugeuzwa mara kwa mara, joto likae karibu na nyuzi 37 na nusu. Kisha kugeuza kunakoma, unyevu unaongezwa, na kifaranga anaachwa ajipange kutoka. Wifi aliyajua haya yote kwa moyo. Siku ya saba aliyamulika moja moja kwa tochi, akatoa 39 yasiyokuwa na mbegu. Yakabaki 225. Alikuwa akiamka saa nane za usiku kutazama kipimajoto, na watoto walifundishwa kutopiga mpira karibu na ukuta ule.

Tuliwasha taa ya chemli. Jirani mmoja wa upande wa chini ana jenereta ya kukodisha. Alitaka shilingi 2,500 kwa usiku, na petroli juu yetu. Ndani ya nyumba nzima tulikusanya 640. Pesa za kuku zilikuwepo, tena za kutosha, lakini zilikaa kwenye akaunti ya kaka, na utaratibu aliouweka ulikuwa huu: upige picha, utume, usubiri aseme ndiyo, ndipo atume. Kaka ni mlinzi wa zamu ya usiku. Simu zao hufungiwa kabatini wakiingia kazini na hurudishwa asubuhi. Saa ya Doha ni saa ya Tiwi, haipishani hata dakika, na bado usiku ule alikuwa mbali kuliko mtu yeyote niliyepata kumngoja.

Jirani, Mungu amlipe, akasema chukueni, mtanilipa kesho. Wifi akakataa. Nilimshika mkono nikamwambia, "Wifi, kubali, mimi nitasimama." Akanitazama machozi yakimlenga. "Nikope kwa jina la nani? Kuku si wangu. Nikiambiwa kesho nani alikuruhusu, nitasema nini?"

Basi tukafanya tulilolijua. Mama aliamrisha maji yachemshwe, tukayatia kwenye chupa, tukazifunga kwa leso na kuzipanga kati ya trei. Kisha tukaifunika mashine kwa blanketi mbili na mkeka. Mama hakuridhika. Alitoka na chemli mpaka bandani, kwa matetea wake watatu waliokuwa wakiatamia, akawawekea mayai kumi na mawili kila mmoja. Usiku kucha tulibadilisha chupa. Hakuna aliyelala, hata mtoto mdogo alikuwa akituletea kuni.

Nilichokuja kukielewa baadaye, kwa kumuuliza afisa wa mifugo, kinaniuma mpaka leo. Kifaranga wa siku 18 ameshaanza kutoa joto lake mwenyewe. Feni ikisimama, kukosa hewa kunaweza kumuua upesi. Blanketi zetu za mapenzi ndizo zilizowaziba.

Stima ilirudi kesho yake saa tano. Siku ya 21 na ya 22, chini ya matetea wa Mama walitoka vifaranga 33 kati ya mayai 36. Mashineni, kati ya mayai 189, walitoka 58. Wifi aliyapasua machache katika yale 131 yaliyobaki, akaona manyoya, akaona midomo, akaacha. Alichimba shimo chini ya mgomba, akayafukia yote peke yake.

Sitaki mtu amwone kaka kuwa mgumu. Mwaka 2021 alimwamini jamaa mmoja amnunulie kiwanja Ng'ombeni. Kila mwezi alipokea picha: mawe ya kuchonga yamefika, msingi umechimbwa, ukuta umefika madirishani. Vyote vilikuwa vya mtu mwingine. Hatukuwa tumekwenda afisi ya ardhi Kwale kuangalia hatimiliki ina jina la nani, na akiba ya miaka miwili ikapotea. Mshahara wa chini Qatar ni riyali 1,000 kwa mwezi, nje ya chakula na malazi. Kwa shilingi zetu ni kama elfu thelathini na tano. Mtu aliyeumwa hivyo hushika kamba kwa mikono miwili. Ila kamba ile ilikuwa imepita shingoni mwa mkewe.

Benki Kuu inahesabu kwamba mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9. Tangu 2022 tuna idara ya serikali iliyoundwa kwa ajili yao, na Katiba ya 2010 iliwaruhusu wawe na uraia wa nchi mbili. Wanahimizwa wawekeze, na mimi nawahimiza pia, kwa moyo wote, kwa sababu nimeona Doha ikileta karo, dawa na mabati hapa kijijini. Lakini naomba wanaowahimiza waje wazungumze na tulioachiwa funguo pia. Nimewaona wake na dada wengi wa Tiwi wakisimamia visima, bodaboda na nyumba za kupangisha zisizo zao, bila uwezo wa kununua hata msumari kabla simu haijajibiwa. Ikifa biashara, husemwa nyumbani hakuna watu waaminifu.

Kaka alikuja likizo Desemba. Hakufoka. Usiku wa pili Mama alitandika mkeka uani, akamwita yeye na mkewe.

"Mwanangu, mayai yangu 36 niliyawekea kuku nisimuulize mtu. Yale mengine yalikuwa yakikungoja wewe."

"Naam, Mama," alisema kaka, na kwa muda mrefu hakusema tena.

Tuliandika kwenye daftari la shule, mimi nikiwa karani. Theluthi ya faida ni ya wifi, kwa jina lake. Shilingi 10,000 zikae kwenye simu yake daima, azitumie kwanza na aeleze baadaye. Paneli ya sola na betri zinunuliwe kabla ya trei nyingine kujazwa. Kaka ndiye aliyeongeza hilo la mwisho. Walitia sahihi wote wawili, Mama akaweka kidole.

Machi tulijaza tena. Betri ilikuwa bado njiani, nasi hatukuwa na subira, na stima ikakatika usiku wa 19. Niliposhtuka jenereta ilikuwa tayari inanguruma nje, na wifi alikuwa amechutama mbele ya mashine, tundu za hewa wazi, tochi mdomoni.

Alfajiri simu ililia. Kaka alikuwa ndio kwanza ametoka zamu. Nilimsikia akiuliza imekuwaje, mbona jumbe za jirani, jenereta ya nini.

"Nitakueleza, Baba Watoto," wifi alisema. "Ngoja kwanza niwaongezee maji."