Namna ya kuipitisha kontroli pikipiki iliyokuzidi umri: mwongozo kwa mgeni wa Miti

Mgeni, ikiwa umekuja Miti na pikipiki kuukuu, na kule ulikotoka ulizoea kwamba kila mwaka chombo hupelekwa kukaguliwa, kikatikiswa, kikawashwa taa, kikapimwa freni, basi kaa kwanza upumzike. Hapa pikipiki yako haitaitwa na mtu. Kinachoitwa ni karatasi yake.

Tuanze na mahali penyewe. Miti, hapa Kivu Kusini nchini Kongo, ni njiapanda. Ukitoka Bukavu unapita Mudaka, juu ya lami au juu ya kumbukumbu ya lami, na ukifika hapa barabara inagawanyika. Moja inaendelea mbele hadi Kavumu penye uwanja wa ndege, kisha Katana, Kalehe na mwishowe Goma. Nyingine inakata kushoto, inapanda Tshivanga, inapenya mbuga ya Kahuzi-Biega na kuteremka upande wa Bunyakiri na Hombo. Njiapanda ina faida mbili: abiria hawakosekani, na anayetaka kukusimamisha hana haja ya kukukimbiza, maana utapunguza mwendo mwenyewe.

Sasa mfukoni uwe na nini. Kati roze, inayosema pikipiki ni ya nani. Vinyeti, inayosema kodi imelipwa. Asuransi. Permi, ambayo inakuhusu wewe na si pikipiki. Na cheti cha kontroli tekniki. Zifunge zote ndani ya plastiki, kwa sababu mvua ya Kabare, teritwari yetu, haipigi hodi.

Hicho cheti cha mwisho ndicho kinachotuleta hapa. Kinathibitisha, kwa muhuri na sahihi, kwamba chombo kimetazamwa na kinafaa kutembea barabarani. Motari wengi, yaani waendesha pikipiki za abiria, watakwambia kwamba siku cheti chao kilipoandikwa, mwandishi alikuwa mezani na pikipiki ilikuwa njiani, imebeba makaa kwenda Bukavu. Usiwashangae. Kesi imesikilizwa na hukumu imetolewa. Mshtakiwa tu ndiye hakuletwa.

Mgeni mwenye kusoma vitabu atauliza sheria inasemaje. Sheria yetu ya barabara ni namba 78-022, ya tarehe 30 Agosti 1978. Pikipiki iliyotoka kiwandani siku hiyo ingekuwa sasa imebadilishwa pistoni, mipira na wenyewe mara nyingi. Sheria nayo imebaki na mapyesi yake ya asili, na ni vigumu kumpata anayekumbuka ilivyokuwa ikinguruma.

Kosa la kwanza la mgeni ni kumsifia polisi wa rulaji, yaani wa barabarani, pikipiki yake. Anasimamishwa, anashuka, anaanza kuonyesha freni mpya na taa inayowaka. Hajaulizwa! Mazungumzo ya kawaida huenda hivi:

— Papa, simama. Karatasi.

— Hizi hapa, shefu.

Shefu anafungua plastiki taratibu. Anasoma tarehe, anainua karatasi juani atazame muhuri. Wakati huo injini inadondosha oili, tone baada ya tone, kwenye ncha ya kiatu chake.

— Kontroli imekufa tangu juzi.

— Shefu, juzi ilikuwa siku ya Mungu. Ofisi zimefungwa.

— Na leo?

— Leo natafuta feza ya kuilipa, shefu, ndiyo maana uko unaniona barabarani.

Hapo majadiliano huingia kwenye uwanja mwingine, wa matabishi, yaani kitu kidogo, ambao mwongozo huu hauwezi kuueleza bila kujitia matatani. Angalia tu kwamba oili haikutajwa na yeyote. Ile iliyomwagika kiatuni haina tarehe.

Utauliza pia ni nani hasa mwenye haki ya kukusimamisha. Zamani jibu lilijaa nusu ukurasa: polisi wa rulaji, watu wa kodi za mkoa, watu wa chama cha motari, na kijana mmoja mwenye kamba. Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipouchukua uwanja wa Kavumu na siku chache baadaye mji wa Bukavu, jibu limekuwa refu kuliko mwongozo huu. Shauri langu ni lilelile: simama, vua kofia, sema shefu.

Kosa la pili linahusu utambulisho. Kati roze hutaja namba, na namba hiyo imegongwa kwenye chuma cha fremu, karibu na shingo ya usukani. Kwa pikipiki mpya haya ni mambo mepesi. Pikipiki kuukuu ya Miti ni ukoo: fremu ya TVS, injini ya Boxer iliyogongwa Katana na kuchomelewa vishikizo vipya, taa ya mbele ya aina ambayo hata fundi aliyeifunga haijui, sela iliyoshonwa na mtengeneza viti vya baa. Kila pyesi lina kijiji chake na kilio chake. Namba ya fremu inasema kweli kuhusu fremu, basi. Mgeni, usijaribu kuyaeleza haya barabarani. Ukiulizwa ni ya mwaka gani, taja mwaka wa karatasi.

Kama umebahatika kupata mzee wa kweli, yaani Yamaha AG 100, ile waliyoipenda mapadri na maagronomu, mheshimu. Kiwanda kilimuunda kwa ajili ya mashamba, na inaonekana: sheni imefungiwa ndani ya kasha ili tope lisiifikie, kuna vigingi vya kumsimamishia upande wa kushoto na wa kulia, na vichukuzi vya chuma mbele na nyuma vinavyobeba gunia bila kuomba radhi. Injini yake ni ya mipigo miwili, huunguza oili pamoja na petroli, na kwa hiyo hutoa moshi wa buluu. Mgeni akiuona moshi huo hutaka kukimbilia kwa fundi. Atulie. Kwa AG moshi kidogo ni salamu kwamba oili inafika kwenye pistoni. Ukikatika kabisa huku injini inazidi kupata moto, zima haraka, la sivyo pistoni itashikana na silinda na utaisukuma hadi Kavumu. Kwa TVS au Boxer, ambazo ni za mipigo minne, mambo ni kinyume: moshi wa buluu maana yake ringi zimekwisha na oili inapanda isikotakiwa. Moshi ni uleule na rangi ni ileile, ila injini moja ni nzima na nyingine ni gonjwa. Cheti cha kontroli hakina nafasi ya kuandika hayo.

Tukiwa kwenye injini, jua kwamba uwanja wa Kavumu uko mita 1,720 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukikata kushoto hapa Miti unazidi kupanda. Hewa ni nyepesi, kabirateri haijui, inaendelea kumwaga petroli ileile, na buji inatoka nyeusi kama sufuria ya bugali. Mgeni hudhani Kadhafi, ndivyo tunavyomwita muuza petroli wa barabarani, aliyemuuzia petroli ya chupa amemdanganya. Pengine amemdanganya, lakini kwa hili hana hatia.

Wapo watakaokwambia kwamba Ulaya mambo yamenyooka. Wafaransa, ambao lugha yao tuliletewa na Wabelgiji pamoja na maneno kontroli na vinyeti, walianza kuzikagua pikipiki zao tarehe 15 Aprili 2024 tu, baada ya waendeshaji kuandamana sana. Ya kwao hupelekwa mara ya kwanza inapokaribia miaka 5, kisha kila miaka 3. Sisi cheti tulikuwa nacho zamani. Kilichokosekana ni ukaguzi peke yake. Waingereza wamekuja karibu zaidi na busara ya Miti: tangu Mei 2018, chombo kilichozidi miaka 40 hakilazimishwi tena kukaguliwa kila mwaka. Yaani mzee akishazeeka vya kutosha, anaachwa. Motari mmoja wa hapa njiapanda aliposomewa hayo alicheka hadi akakohoa, kisha akaomba asomewe na sharti lake: chombo kisiwe kimebadilishwa sana katika miaka 30 iliyopita. Akanyamaza. Ya kwake ilibadilishwa Alhamisi.

Sasa tuache mchezo kidogo, kwa sababu hapa Miti ukaguzi wa kweli upo, tena mkali kuliko wa Ulaya. Haufanyiki ofisini. Unafanyika kwenye mteremko wa kutoka Tshivanga, barabara ya vumbi wakati wa kiangazi na ya utelezi wakati wa mvua, jioni, na magunia nyuma. Kupanda, pikipiki kuukuu itapanda. Itanung'unika, itapunguza vitesi, abiria atashuka atembee kidogo, mtafika. Inayokatwa maksi ni ile inayoshuka.

Freni za ngoma, ambazo ndizo zilizo kwenye karibu zote hizi, hufanya kazi kwa kusugua viatu viwili ndani ya chungu cha chuma. Ukizikanyaga mfululizo kwenye mteremko mrefu, chungu kinapata moto, uso wa viatu unakuwa laini unang'aa kama kioo, na kanyagio linashuka bila jambo kutokea. Pikipiki ya mipigo minne inakusaidia: ingia kwenye vitesi ya pili, funga gesi, injini yenyewe itakushika. Mzee AG wa mipigo miwili hana nguvu hiyo ya kushika, na hii ndiyo sababu sifa zake zote hazimfai kitu anaposhuka. Ndiyo sababu pia nisingempa mgeni AG siku ya kwanza, hata kama padri mwenyewe ameibariki.

Nenda kwa fundi yeyote pale njiapanda umtazame anavyofanya. Haulizi cheti. Analegeza nati ya ekseli, anatoa gurudumu la nyuma, anapuliza vumbi la ndani ya ngoma huku amegeuza uso, anapitisha kidole kwenye viatu. Viking'aa, anachukua kipande cha karatasi ya msasa na kuvikwaruza mpaka rangi ifubae. Vikiwa vimebaki vyembamba, anavitupa kwenye bidoni na kukutajia bei. Kisha anakaza ile nati ndogo iliyo mwisho wa fimbo ya freni, anazungusha gurudumu kwa mkono, anasikiliza. Likisugua kidogo kisha likaendelea kuzunguka, anaitika kwa kichwa. Anashika sheni katikati, anaiinua na kuishusha: ikicheza kiasi cha vidole viwili inatosha, ikicheza kiganja, siku moja itaruka kwenye meno na kufunga gurudumu. Mwishowe anaipandisha pikipiki kwenye kigingi, anashika fokshe za mbele kwa chini na kuzivuta huku na huku. Zikigonga, beringi za shingo zimekwisha. Kazi yote inakwisha kabla shefu hajamaliza kusoma tarehe ya karatasi zako.

Yupo mkaguzi mwingine, ambaye kwa maoni yangu ndiye mkubwa wao wote: mama anayetoka soko la Mudaka na kikapu. Hapandi pikipiki kabla hajaizunguka. Anabonyeza mpira wa nyuma kwa kidole gumba, anasukuma sela aone kama inacheza.

— Papa, freni iko?

— Iko, mama.

— Onyesha.

Na motari, ambaye asubuhi alimpita shefu kwa maneno matamu, anasukuma pikipiki hatua mbili na kukanyaga. Ikiteleza, mama anabeba kikapu chake na kwenda kwa mwingine. Hakuna muhuri, hakuna rufaa, na hakuna feza inayoweza kubadilisha uamuzi huo, kwa sababu mwenye feza ni yeye.

Kwa hiyo, mgeni, lipia cheti chako kwa wakati, kitakuokoa kelele za barabarani. Lakini kama ni wewe unayepanda nyuma, na unashuka kutoka Tshivanga giza likiingia, na pikipiki haina taa au kanyagio la freni limelala chini, mwambie motari asimame ushuke. Mlipe nauli ya pale mlipofika, usibishane naye, kisha ngoja nyingine. Na kabla hujaipanda hiyo nyingine, uliza kama mama yule: freni iko? Akisema iko, mwambie aonyeshe.