Jiko la Kutazamwa

Dalali wa Mbezi Beach siku hizi haanzi na hati wala maji. Anaanza na dari: jipsamu ya ngazi tatu, imezungushiwa taa zinazobadilika rangi kwa rimoti. Joto la Februari lipo palepale na dari ndiyo imeshushwa, kiyoyozi kitajijua.

Halafu jiko la wazi, kaunta nyeupe pee isiyowahi kunusa kibua. "Dada, hapa unapika huku unapiga stori na wageni." Kweli, na wageni watarudi kwao wakinuka kitunguu. Ndiyo maana nyuma, pembeni ya tangi, kuna jiko la pili, lenye mkaa, masizi na mbuzi ya kukunia nazi. Humo ndimo kinamopikwa chakula. La mbele hupanguswa vumbi.

Sebuleni, ukutani, kuna vishubaka vyenye taa ya njano, vimewekwa maua ya plastiki. Mtindo wa Dubai, anasema dalali. Mafundi wa Lamu walizijenga zidaka za namna hiyo kwa plasta ya chokaa karne ya 18, watu wakapanga sahani za Kichina. Ila usimtajie mnunuzi Lamu, ataomba apunguziwe bei.