Kila Mnyama Akawa Kiboko

Oveni yetu ina miaka minne na haijawahi kuoka kitu. Ni kabati. Humo hukaa sufuria kubwa la pilau, vikaangio viwili, na mifuniko ambayo masufuria yake yalishakufa zamani. Kwa hiyo Jumamosi ile nilipomwambia mke wangu aende zake kwenye sendofu ya rafiki yake, biskuti za bethidei ya mtoto nitaoka mimi, hakucheka. Alichukua pochi tu, akasema, "Usisahau kutoa masufuria."

Masufuria niliyatoa. Chujio la plastiki lililojificha kule nyuma sikuliona mpaka lilipoanza kunuka. Tuliache hilo.

Binti yangu alikuwa anatimiza miaka sita, na keki hakuitaka, maana keki kila mtu ana. Alitaka wanyama. Alikuwa ameziona kwenye simu ya mama yake: biskuti za siagi ya karanga zenye sura za simba, twiga na panya, zimepakwa rangi, zina macho na sharubu. "Rahisi, baba," akaniambia. "Karanga, sukari, yai, basi." Na ni kweli, hicho ndicho kipimo: kikombe cha siagi ya karanga, kikombe cha sukari, yai moja. Unga hakuna kabisa. Mtu ambaye ugali wake hutoka na madonge akisikia mapishi yasiyo na unga, hujiona amesamehewa.

Dukani niliangalia bei ya siagi ya karanga, nikarudi nyumbani na kilo ya karanga mbichi. Nilijiona mchumi. Nikakaanga, nikafikicha, nikapepeta kwenye ungo kibarazani. Maganda yakapeperuka kidogo, yakafikiri, yakarudi shingoni mwangu. Halafu nikasaga kwenye blenda mpaka blenda yenyewe ikaanza kunuka joto.

Sebuleni alikuwepo mama mkwe, amekuja kutoka Kongwa kutibiwa jino. Mimi nilikuwa jikoni nimejifunga kiunoni kanga ya binti yake, kanga ambayo jina lake ni kijembe nisichoweza kukirudia hapa. Kutoka hivyo mbele ya mkwe siwezi, na yeye kuniingilia jikoni hawezi. Tukawa tunazungumza kupitia ukutani.

"Mkwe, unasaga nini?"

"Karanga, mama."

"Za kuungia mboga?"

"Za wanyama, mama."

Kimya kirefu. Kisha akaniuliza kama nimeandikiwa namna ya kupika au nakisia. Nikamwambia maelekezo yote yako kwenye simu. Akaguna.

Mtu wa Kongwa usimwambie habari ya karanga na maelekezo kwa pamoja. Kwao ndiko Waingereza walikokwenda mwaka 1947 kulima karanga kwa matrekta, mengine yameundwa kutokana na vifaru vya vita. Mibuyu iligoma kung'oka. Nyuki wakawatimua watu mashambani. Kiangazi kilipoingia, udongo ukakauka ukawa kama saruji, na zilizoota zikanasa humo humo. Mwaka 1951 wakafunga virago, mamilioni ya pauni yamekwisha. Baba yake mama mkwe alikuwa kibarua kule. "Marehemu alikuwa akisema walikuja na makaratasi mazuri sana," akaniambia kupitia ukuta. "Tatizo mvua haijui kusoma."

Sikuchukulia kwamba ananisema mimi.

Sasa, siagi ya karanga ya dukani huwa wameitia mafuta ya kuigandisha, ndiyo maana hukaa kwenye chupa kwa adabu. Yangu ilikuwa ya moto kutoka kwenye blenda, na mafuta yake yana uhuru wao. Nilipochanganya na sukari na mayai (nilizidisha kipimo mara mbili), nilipata kitu kinachong'aa kama kichwa cha bwana harusi. Maelekezo yalisema kiwekwe kwenye friji kwanza. Wageni walikuwa wanakuja saa kumi, na saa nane ilishapita. Friji nikaliruka.

Lakini kuumba niliumba jamani. Kichwa cha simba nilikikata kwa kikombe cha kahawa, manyoya nikayachora kwa uma. Twiga nilimchonga kwa kisu, shingo, pembe, mpaka kwato. Tembo alikuwa na mkonga uliokunjwa nchani. Wanyama kumi na wanane, trei ikajaa. Donge lililobaki nikalitupia kwenye friji ili lisinizibie nafasi. Nikapiga picha. Picha hiyo ndiyo ushahidi pekee nilio nao.

Nilichuchumaa mbele ya kioo cha oveni kama mtu anayesubiri penalti. Dakika ya nne, masikio ya simba yalizama kichwani. Dakika ya sita, twiga, mnyama wa taifa, aliinama taratibu kama anayekunywa maji, kisha akalala moja kwa moja. Tembo aliumeza mkonga wake. Baada ya hapo wote wakaanza kutanuka, wakasogeleana, wakagusana mbavu. Ukitaka kuiona trei yangu ilivyokuwa, nenda Mikumi, simama pale kwenye bwawa la viboko.

Nikakimbilia kuwabandua wakiwa wa moto. Biskuti ya karanga ikiwa ya moto haina mfupa. Isipopoa kwanza, huibandui. Watatu walinivunjikia mkononi, nikawala palepale kufuta ushahidi.

Nikalikumbuka donge la kwenye friji. Hilo lilikuwa limekaza, nikaumba panya sita, na ajabu, waliingia panya wakatoka panya. Sharubu na mikia nikawatilia ya tambi. Macho yalitakiwa yawe vitone vya chokoleti, nami sikuwa navyo, ila kwenye mkebe wa viungo kulikuwa na karafuu. Karafuu ina kichwa cha mviringo na kijiti chake. Unachomeka tu, jicho tayari. Tena linakodoa. Panya wangu wote sita walionekana wamemwona paka.

Rangi haikusaidia kitu. Sukari laini niliyoikoroga na ute wa yai na manjano ilikataa kukauka kwa unyevunyevu wa Dar, ikawa inawachuruzika simba puani.

Saa kumi watoto wakaja. Binti yangu alisimama mbele ya trei, akawatambulisha mmoja mmoja bila huruma. "Huyu kiboko. Huyu kiboko. Huyu kiboko ana mafua. Hawa viboko wameungana." Mtoto wa jirani akaweka mmoja mdomoni, akatafuna, akaniangalia. "Baba yako kiboko!" Mpaka leo sijui alikusudia maana ipi.

Viboko kumi na watano walikwisha kabla soda hazijafunguliwa. Panya ndio waliogomewa, kwa sababu wa kwanza aliyeng'atwa aling'atwa kichwani, na aliyekutana na lile jicho alitema, akalia, akadai pilipili. Nikawakusanya waliobaki kwenye kisahani, nikavua kanga, nikaenda kuwaweka mezani sebuleni.

Mama mkwe, kwa heshima tu, alichukua mmoja. Akamtafuna polepole, upande ule mzima, kichwa na macho. Kisha akatulia. Nikaona mkono unapanda shavuni.

"Mkwe."

"Naam, mama."

"Hili jino limenyamaza."

Nikakumbuka kwamba karafuu ni ganzi ya meno tangu enzi za mababu. Nikanyamaza pia, kama mtu aliyepanga.

"Wamebaki wangapi?"

"Wanne, mama."

"Watoto wasiwaguse."

Mke wangu alirudi saa tatu usiku. Alisimama mlangoni, akanusa ile plastiki, akanitazama, akafungua mdomo. Halafu akamwona mama yake kwenye kochi, amemshika panya kwa mkia wa tambi, anamnyofoa jicho na kulisogeza taratibu kwenye gego.

"Mama, unafanya nini?"

"Nameza dawa," mama mkwe akasema. "Hebu nipishe, unanikinga taa."