Tumbo la Mpanda Mlima

Wapo waungwana ambao, wakiazimia kuuzuru Kilimambogo, mbuga ya taifa tangu mwaka 1967, hubeba vikapu vya chakula kana kwamba wanahama, kwa hoja kuwa kula kileleni, mita 2,145 juu ya usawa wa bahari, ndiyo anasa yenyewe. Nao kima wa msituni, ambao katika mambo ya dhifa hawangoji kukaribishwa, huafikiana nao kabisa. Sisi wa Matuu, ambao muthokoi na nyama ya mbuzi ya kuchoma twaipata kando ya barabara ya Garissa pasi na jasho wala tiketi, hatuna inda; twawatakia afya tu. Lakini, kwa hisani yao, waitazame habari ya marehemu Sir William Northrup McMillan, tajiri wa Kimarekani aliyepigiwa mithali kwa unene, aliyefariki mwaka 1925 naye akitaka azikwe juu ya mlima huo: msafara wa jeneza, yasimuliwa, ulishindwa na mwinuko, akazikwa mtelemkoni. Basi mwenye hamu ya kileleni na apande kwanza, kisha aje kula kwetu; mbuzi hulipwa taslimu.