Babu na Mjukuu: Raundi Kumi za Utani wa Kamera

Babu na mjukuu ni watani. Mjukuu ana ruhusa ya kumwambia babu yake kwamba hana meno, babu naye ana ruhusa ya kujibu kwamba yule mchumba aliyeletwa nyumbani juzi alikuja kumwona yeye, na hakuna anayeitisha kikao cha ukoo. Kwa sheria hiyohiyo, naomba nisishtakiwe.

Babu ni Sony α6000, kamera iliyotangazwa Februari 2014. Ni wangu. Nilimnunua mkononi mwa mtu, na mpira wake wa kushikia umeshaanza kubanduka pembeni. Mjukuu ni α6700 wa Julai 2023, mali ya mpwa wangu, ambaye hadi leo hajaitoa ile nailoni ya dukani kwenye skrini. Wote wawili hawana kile kioo cha ndani kinachoruka kila ukipiga picha, kama kwenye kamera nene za zamani. Sensa zao zinakaribiana sana kwa ukubwa: ya Babu milimita 23.5 kwa 15.6, ya Mjukuu 23.3 kwa 15.5. Mimi na mpwa wangu tunapiga harusi pamoja, na tangu amnunue Mjukuu, mdomo wake haufungi. Basi tuhesabu, kuanzia dogo kwenda kubwa.

10. Pikseli

Picha ya Babu ina pikseli 6,000 kwa 4,000. Ya Mjukuu ina 6,192 kwa 4,128. Nilimwomba kijana asome tena, polepole. Miaka tisa imepita, na upana umeongezeka pikseli 192! Huyu ni yule jamaa aliyekaa Ulaya miaka tisa akarudi na shati.

Haki yake nimpe: sensa ya Mjukuu imepangwa upya, nyaya zimehamia nyuma zisizibe mwanga, na gizani picha zake zina chenga chache. Lakini picha ya mchana, ya kutundika sebuleni, mwenye nyumba hatatofautisha.

"Anko, ukivuta karibu inaonekana."

Mama wa bibi harusi havuti ukuta karibu.

9. Uzito

Babu gramu 344, Mjukuu gramu 493, betri na kadi zikiwa ndani. Nilianza kujisifu, kijana akanikatiza: "Mzee akikonda si sifa." Na kweli, Babu hana pa kumshika. Kidole changu kidogo kinaning'inia hewani siku nzima, na usiku ndicho kinachouma. Mjukuu anajaza kiganja, tena ana gurudumu la mbele linalokaa chini ya kidole cha shahada. Nimekubali yaishe.

8. Mwendo

Babu, picha 11 kwa sekunde. Mjukuu, picha 11 kwa sekunde. Mpwa wangu alipoliona hilo alitafuta miwani ambayo hana.

Tatizo la Babu ni pumzi. Ukipiga RAW, zikifika kama 21 ghala limejaa, yaani hata sekunde mbili hazijatimia. Taa nyekundu inawaka, naye anaanza kumeza taratibu, na wewe umesimama hapo shada la maua likiwa bado hewani. Nimezoea kupiga mbilimbili, kama askari aliyehesabiwa risasi.

7. Skrini

Ya Mjukuu inafunguka pembeni na inaguswa. Ya Babu inainama juu na chini tu, na ukiigusa unaiachia alama ya kidole. Watoto huisugua wakidhani imeganda. Tusonge mbele.

6. Flashi

Hapa naomba MC apunguze muziki.

Mjukuu hana flashi. Simaanishi ana flashi dhaifu. Hana kabisa. Ukitaka mwanga, nunua taa, ibebe, ikumbuke, ichaji. Babu anayo yake, imejikunja kichwani. Ukibonyeza kitufe inachomoka juu ya vyuma viwili kama mguu wa panzi. Nguvu zake ni kidogo. Kipimo chake ni 6 kwa ISO 100, hivyo hata keki inataka uisogelee.

Lakini kuna jambo haliko kwenye tangazo. Weka kidole cha shahada mbele ya ile flashi, uirudishe nyuma mpaka iitazame dari, uishikilie hapohapo. Pandisha ISO hadi 1600. Dari ikiwa nyeupe na iko chini, mwanga unapanda, unaigonga, unashuka juu ya watu kama mwanga wa dirishani. Paji la uso haling'ai mafuta, na nyuma ya sikio hakuna kile kivuli cheusi cha picha za pasipoti.

Kulikuwa na sherehe ya kipaimara, sebuleni kwa watu, umeme ukakatika. Flashi kubwa ya mpwa wangu ilikuwa kwenye gari, na gari lilikuwa limekwenda kuchukua keki. Mjukuu alipandishwa ISO hadi 12,800 kwa mwanga wa tochi za simu, na nyuso zikatoka za kijani. Mimi nikaweka kidole juu ya Babu. Ile taa yake ndogo ya rangi ya chungwa ikawaka ili apate fokasi, panzi akaruka, na mtoto wa watu akapata picha na wasimamizi wake.

"Anko, hiyo si teknolojia, huo ni uganga."

Ndiyo maana nilitoza.

5. Betri

Sherehe imeisha, turudi kwenye aibu. Betri ya Babu inabeba mAh 1,020, na vipimo rasmi vinampa picha 360 ukitumia skrini, 310 ukichungulia kwenye kidirisha. Ya Mjukuu ina mAh 2,280 na inafika 570. Mimi hutembea na betri nne nilizoziandika namba kwa kalamu ya wino mzito, moja hadi nne, na namba tatu haiaminiki. Zimo kwenye mfuko wa kushoto zikiwa zima, wa kulia zikiwa zimekufa, na siku nikisahau upande, kazi inaendelea kwa sala.

Halafu kuna waya. Babu anachajiwa kwa ule mdomo mdogo wa zamani wa micro-USB. Mjukuu anatumia USB-C, ambayo kila mgeni ukumbini anayo mfukoni. Nikiomba waya wangu siku hizi, watu hunitazama kama nimeomba chimni ya taa.

"Anko, jaribu kuuliza makumbusho."

4. Ukimya

Nikaha ya asubuhi. Shehe ameshika mkono wa bwana harusi, watu wamenyamaza wasikie "nimekubali". Bwana harusi akavuta pumzi, na Babu akasema: KLAK! Shehe aliinua macho. Sijui kama alinitazama mimi au alimtazama Babu, lakini tuliinama wote wawili.

Shata ya Babu ni ya chuma na haina njia ya kunyamaza. Mjukuu anaweza kupiga bila sauti yoyote, kwa kuisoma sensa kwa umeme tu. Mpwa wangu alimaliza nikaha nzima kama mwizi mwenye adabu.

Ila jioni, ukumbini, alisahau kuuzima huo ukimya. Shata ya umeme inaisoma picha mstari kwa mstari, na taa za LED za jukwaani zinawaka na kuzima haraka kuliko jicho linavyoona, kwa hiyo mistari mingine ilisomwa taa ikiwa imewaka na mingine ikiwa imefifia. Bibi harusi alitoka na gauni la pundamilia. Picha zaidi ya arobaini! Nilimwambia awaambie ni mada ya harusi, mbuga za wanyama.

3. Video

Sina la kujitetea, nitafupisha kilio. Mteja wa leo anauliza video kabla hajauliza bei. Mjukuu anarekodi 4K hadi fremu 60 kwa sekunde, akiichuja kutoka kwenye picha ya 6K, na anafika fremu 120, ingawa hapo anakata pembeni mara 1.58, kwa hiyo lenzi yako pana inageuka tundu la ufunguo. Rangi zake ni za biti 10. Ana tundu la maikrofoni na la spika za masikioni. Sensa yake inaelea na kutuliza mtikisiko, hivyo kijana anamfuata bibi harusi ngazini na picha inateleza. Ya kwangu inatembea kama aliyetoka kilabuni.

Babu ana 1080 kwa fremu 60 na hana tundu la maikrofoni. Katika hotuba zangu zote, baba mzazi anaongea kwa mbali na sahani zinaongea kwa karibu. Isitoshe, Babu husinzia dakika ya 29 na kuacha kurekodi. Ukishasikiliza shukrani za kamati ya maandalizi kuanzia mwenyekiti hadi mtunza vinywaji, utamwelewa.

2. Fokasi

Mwaka 2014 Babu alikuwa bingwa. Sony ilitamba kwamba anapata fokasi kwa sekunde 0.06, kwamba kati ya wenzake wa wakati ule hakuna wa kumfikia, na alama zake 179 za fokasi zilitapakaa karibu fremu nzima. Mchana, mtu akiwa ametulia, haoni haya mpaka leo.

Lakini harusi haitulii. Bibi harusi anaingia akicheza, wapambe wanafuata, na katikati anatokea shangazi na noti, anakuja kumtuza. Uso Babu anautambua, ila ukigeuka kidogo anausahau. Jicho pia analijua, lakini lazima ubonyeze kitufe chake maalumu na mwenye jicho asimame. Akianza kutembea, mazungumzo yamekwisha. Kwa hiyo shangazi akipita, Babu anaondoka na shangazi. Nina picha kali kupita zote nilizowahi kupiga: noti ya elfu kumi, namba inasomeka tarakimu kwa tarakimu, na nyuma yake kuna wingu jeupe ambalo nasikia lilikuwa limeolewa.

Mjukuu ana alama 759 na kichakataji cha pembeni ambacho kazi yake ni kutambua tu. Kimefundishwa umbo la mwili, hivyo mtu akigeuza mgongo bado kinajua kichwa kiko wapi. Kinamjua mtu, mnyama, ndege, mdudu, gari, treni na eropleni. Shangazi alipita na noti yake, na kile kiboksi kikabaki kwenye jicho la bibi harusi, kupitia shela, kama inzi kwenye embe.

Siku hiyo niliacha kupiga nikamtazama mpwa wangu. Nilikuwa nimezoea kuamini kwamba nusu ya kazi hii ni kukimbizana na kile kiboksi cha kijani: kukihamisha, kukipoteza, kukirudisha. Miaka yote nimeitazama harusi nikiwa nyuma ya hicho kiboksi. Yeye alikuwa anaongea na bibi harusi. Anamtania, anamwambia bwana harusi ametoroka, msichana anacheka cheko la kweli, na kamera inajifokasi yenyewe. Sikupenda.

"Sasa wewe hapo kazi yako nini?" nilimuuliza.

"Pilau, Anko."

1. Lenzi

Mwaka 2010, kamera za NEX-3 na NEX-5 zilipotoka, Sony ilianzisha mdomo wa lenzi unaoitwa E. Babu anao. Mjukuu anao uleule. Ndiyo maana hawa ni babu na mjukuu kweli, si majirani: lenzi ya mmoja inamkaa mwenzake bila kipande cha kuunganishia. Tuna Sigma moja ya milimita 30, f/1.4, na tunaigombea kila Jumamosi kama rimoti.

Tukaijaribu. Mama mmoja, kiti kimoja, mwanga wa dirisha, lenzi ileile, Babu kwanza kisha Mjukuu. Tukachapisha zote mbili kwa ukubwa wa karatasi ya A4 na kumpelekea jamaa anayetuchapishia, bila kumwambia ipi ni ipi. Alizigeuza, akazisogeza taani, akachagua ya Mjukuu. Mpwa wangu akaruka. Tukauliza kwa nini. "Hapa mama ametabasamu."

Sasa pesa. Babu alipotoka aliuzwa dola 800 akiwa na lenzi yake ndogo ya 16-50. Mjukuu alitoka kwa dola 1,400, bodi tupu. Ile Sigma ilipotoka mwaka 2016 ilikuwa dola 339. Anayepiga video, au watoto, au mashangazi wenye noti, amchukue Mjukuu na asinisikilize. Anayepiga picha za watu waliotulia, aliye na Babu na ile lenzi yake ndogo ya boksini, akitaka kuweka pesa zote hizo kwenye bodi kabla hajanunua lenzi kama ile Sigma, huyo namwita mjukuu wangu na namtania mpaka alie.

Ijumaa iliyopita, saa nne usiku, simu ikaita.

"Anko, shikamoo."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hakuna. Kesho nina shughuli ndogo nyumbani kwa watu. Nimepita kupaona. Dari nyeupe, tena iko chini. Naomba uniazime Babu."

Nilinyamaza kidogo, nimwache aisikie hiyo sentensi yake.

"Mchukue," nikasema. "Ila waya utatafuta mwenyewe."