Beringi Iliyolala Nje

Kipupwe cha Njombe hakina adabu. Mwezi Julai maji ya ndoo yakilala nje, asubuhi yanang'ata vidole kama siafu, na majani ya viazi bondeni yanaamka yameungua kwa jalidi. Watu wenye akili huota moto na kusubiri Septemba. Mimi nilifungua injini.

Pikipiki yenyewe ni Honda CG125, ilikuwa ya baba mkwe. Haikuwa mbovu. Asubuhi ilikohoa kidogo, kama sisi sote, na mlimani ilipanda kwa kujikongoja. Injini za ukoo huu zilianza kuuzwa mwaka 1976, na wahandisi wake walizibuni makusudi kwa nchi ambazo mwenye pikipiki habadilishi oili mpaka iwe lami. Wakaondoa kemushafti ya kichwani pamoja na cheni yake, wakarudisha vijiti vya kusukuma vali, ili chombo kivumilie kutelekezwa. Mabwana wale walifikiria kila kitu, isipokuwa mwalimu wa fizikia aliye likizo.

Mpango wangu ulikuwa kutoa silinda ya milimita 56.5 na kuweka ya milimita 62. Mwendo wa pistoni ukibaki uleule wa milimita 49.5, cc 124 zinageuka 149. Nilimchorea mke wangu hesabu hiyo nyuma ya daftari lake la vikoba. Akaitazama, akauliza, "Sasa hivi inatufikisha sokoni, au haitufikishi?"

Nikamwambia hilo si swali la kihandisi.

Kufungua injini hakuhitaji ufundi; hata mwizi anafungua. Nje spana haikushikika kwa baridi, kwa hiyo nikahamia sebuleni. Vikombe vya wageni vikajaa nati, wageni wakanywea chai kwenye mabakuli. Kisha silinda mpya ikagoma kuingia: shingo yake ilikuwa nene kuliko mdomo wa injini. Ikabidi nipasue kila kitu, nitie tumbo la injini kwenye kiroba, nipande basi mpaka Makambako kwa fundi wa lethi, kilomita kama 60. Fundi akaligeuza mkononi kama daktari anayetafuta neno la kistaarabu.

"Mwalimu, nani alikutuma?"

Akachukua pesa, akachonga, akaongeza ushauri wa bure: kwa kuwa nimeshapasua, nibadilishe na beringi za kranki. Ushauri wa bure ndio ulionigharimu kuliko lethi.

Hapa ndipo fizikia ilipoingia. Alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Ukilipasha moto tumbo la injini na kuipoza beringi, beringi inadondokea mahali pake yenyewe, bila nyundo wala matusi. Wenye friza huiweka beringi kwenye friza. Mimi nina Njombe. Jioni nikaitoa beringi moja mpya, nikaiweka juu ya majani nyuma ya jiko, nikalala kwa amani ya msomi.

Saa kumi na mbili asubuhi nikawasha jiko la mkaa, nikabandika tumbo la injini, nikadondoshea tone la maji. Likacheza, likapotea. Tayari! Nikakimbilia beringi. Katikati ya jalidi nyeupe palikuwa na kiduara cha majani makavu, ukubwa wa mdomo wa kikombe, na ndani ya kiduara hapakuwa na kitu.

Nilimshuku mbwa. Nikawashuku wanunuzi wa vyuma chakavu. Kisha kutoka barabarani nikasikia sauti ambayo kila mwanamume aliyekulia nchi hii anaijua: krrrrrrr.

Mwanangu, miaka tisa, alikuwa anashuka mteremko juu ya kigari cha mbao. Magurudumu matatu yalikuwa beringi kuukuu za gereji. La nne lilimeta.

"Baba, hii inateleza!"

Nitasema ukweli, kilikuwa kigari kizuri. Alikuwa amechonga mti wa mlingoti na kuupigilia ndani ya beringi kwa kipimo ambacho fundi wa Makambako angekionea wivu, na bila kupasha wala kupoza chochote. Tulihangaika nusu saa kuuchomoa. Akadai fidia ya beringi zangu zote mbili za zamani, nikampa. Ile mpya nikaiosha kwa petroli, nikaizungusha sikioni: ililia kama mchanga kwenye meno. Nikapanda basi la Makambako tena.

Kabureta haikunisumbua sana. Mji wetu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni pungufu kwa kama moja ya tano ukilinganisha na pwani, kwa hiyo plagi ikatoka nyeusi kama chungu mpaka nilipotia jeti ndogo. Sahani na springi za klachi nilizirudisha zilezile, maana pesa ilikuwa imeishia kwa lethi na nauli.

Katikati ya Septemba tukatoka kwenda sokoni, mke wangu nyuma na kikapu. Kwenye tambarare injini ilinguruma kwa sauti nzito ya cc 149. Tulipoukabili mlima nikavuta mafuta. Injini ikapiga kelele, pikipiki ikapunguza mwendo. Klachi ilikuwa inateleza kuliko kigari.

"Mwalimu," akasema mke wangu, ambaye huniita hivyo akiwa amekasirika, "hii harufu ni ya kihandisi?"

Bodaboda akatufikia, cc 125, magunia mawili ya viazi nyuma. "Kamwene!" akasalimu, akapita. Wa pili hakuwa na mzigo. Mke wangu akampungia mkono, akashuka, akapanda, akaniachia kikapu.

Nikazima, nikageuza, nikaweka frii, nikaanza kuteremka kimya kimya kuelekea nyumbani. Kwenye kona nikasikia krrrrrrr nyuma yangu. Nikasogea pembeni kumpisha.